Kucha za Kubandika na Udhu wa Mwanamke



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, ambako baadhi ya jamaa zetu wa pwani wamehamia kwa ajili ya kazi. Mama mmoja atueleza kuwa binti zake wameacha kwenda saluni kutengenezwa kucha. Sasa hununua kucha za plastiki zilizokwisha tiwa rangi, wakazibandika wenyewe nyumbani. Auliza: je, hilo si bora kuliko saluni? Na sala zao je?

Twaanza na lililo jema. Katika saluni nyingi za Nairobi na miji iliyo kando yake, watengenezaji kucha ni vijana wa kiume. Mwanamke huketi muda mrefu, kiganja chake kikiwa mkononi mwa mwanamume asiye maharimu wake. Binti aliyeliona hilo akalikimbia amefanya jambo la kusifiwa, na mzazi asimvunje moyo. Isitoshe, vifaa vya saluni visiposafishwa vyema huhamisha maradhi ya kucha kutoka kidole cha huyu hadi cha yule. Kujipamba nyumbani kuna stara na kuna usalama.

Lakini kukwepa kosa moja si kuhalalisha kila kinachofuata. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 6, tuoshe nyuso zetu na mikono yetu hadi viwikoni kabla ya kusali. Kucha ni sehemu ya mkono. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu pwani, wameshurutisha kuwa pasiwe na kitu chenye mwili kinachozuia maji kuifikia ngozi au ukucha. Plastiki huzuia. Gundi nayo, hata plastiki ikishatoka, huzuia.

Asidhani mtu kuwa ukucha ni kitu kidogo. Katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) habari ya mtu aliyetawadha akaacha pakavu mguuni mwake, mahali pa kiasi cha ukucha tu. Mtume (s.a.w.) alipopaona alimrejesha akautengeneze vyema udhu wake. Ikiwa kiasi cha ukucha mmoja kilimrejesha mtu yule, tuseme nini juu ya kucha kumi?

Wengine huuliza: mbona mwenye bandeji hupaka maji juu yake, na mwenye khofu za ngozi miguuni hupangusa juu yake? Jawabu ni kuwa khofu zimekuja na dalili yake na muda wake: mchana na usiku mmoja kwa mkazi, siku tatu kwa msafiri. Bandeji ni dharura ya jeraha. Pambo si jeraha, wala halikuja na ruhusa hiyo.

Linalotutia hofu zaidi ni josho. Mwenye janaba, au aliyetoharika kutokana na hedhi au nifasi, akioga huku kucha zimegandishwa kwa gundi, josho lake halijatimia. Basi kila sala aisaliyo baada ya hapo haina tohara. Kucha za gundi huweza kukaa wiki moja au mbili. Hebu na ahesabu mwenyewe ni sala ngapi hizo, tano kila siku.

Je, hakuna njia? Ipo. Wako wanavyuoni wanaozikataa kucha hizi kabisa, wakizilinganisha na kuunga nywele. Na wako wanaoziruhusu kwa sharti la kuvuliwa wakati wa udhu. Anayeifuata kauli hii ya pili na ayazingatie haya:

Kwanza, atumie zile za vibandiko vyepesi, aachane na gundi kali. Akitaka kuzivua, aviloweke vidole katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na matone ya mafuta kwa muda wa dakika 10 hadi 15, kisha azinyanyue taratibu kutoka pembeni. Kuzing'oa kwa nguvu hubandua tabaka la ukucha wenyewe. Kisha akwangue mabaki yote.

Pili, achague wakati. Siku za hedhi hana sala, basi azivae, ila azivue kabla ya josho. Siku nyingine atawadhe kwanza ndipo azibandike. Atasali nazo maadamu udhu ule haujatenguka.

Tatu, asizionyeshe kwa wasio maharimu, kwani ni pambo, na Suratun Nur, aya ya 31, imekwisha lieleza hilo.

Nne, kucha zake za asili azikate. Mtume (s.a.w.) ameweka ukomo wa siku 40, na plastiki isiwe pazia la kuficha uchafu. Unyevu unaonaswa chini yake huotesha ukungu na kuubadilisha ukucha rangi.

Kitengela maji mara nyingi hununuliwa kwa maboza na kuwekwa akiba katika mitungi ya lita 20. Huenda binti akaona kuvua na kutawadha upya ni israfu. La! Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Kilicho haba hapo si maji, ni azma.

Na kwa nini tuisahau hina? Bibi zetu waliponda majani ya mhina, wakapaka, wakaosha. Ikabaki rangi isiyo na mwili, na maji yakapita. Hudumu ukuchani hadi ukucha unapokua na kukatwa. Ila piko jeusi lililochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi tulihofie, kwani limewaunguza wengi ngozi.

Mama wa Kitengela, usiwagombeze binti zako. Kaa nao, wafundishe josho kabla ya pambo. Na waambie jambo moja zaidi: mauti hayabishi hodi. Anayeoshwa maiti naye hutakiwa kufikiwa na maji kila mahali, na si vyema kumwachia muosha kazi ya kubandua gundi vidoleni mwetu.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo na viungo vyetu. Wallahu a'lam.