Aliyefungwa Naye Ana Haki



Wengi wetu tusikiapo kuwa fulani yuko gerezani, husema, "Alilolitenda alijua mwenyewe." Neno hili ni jepesi ulimini, walakini ni zito mbele ya Mwenyezi Mungu. Ndani yake mna hukumu mbili: ya kuwa kila aliyefungwa ni mkosa, na ya kuwa mkosa hana haki juu yetu. Dini yetu yazikataa zote mbili.

Katika Sura ya 76, aya ya 8, Mwenyezi Mungu awasifu waja Wake wema kwa kuwalisha watu watatu: maskini, yatima na aliyefungwa. Na mateka wa zama zile alikuwa ni adui aliyetoka kwao kuja kuwapiga Waislamu vita. Ikiwa huyo ana haki ya chakula, sembuse mtoto wa jirani yetu? Tena Nabii Yusuf (A.S.) alitiwa gerezani kwa jambo asilolitenda, akakaa humo miaka kadhaa, kwani mwenziwe aliyetoka kwanza alisahau kumtaja kwa mfalme. Basi mtu aweza kuwa hana kosa na bado akabaki kifungoni, kwa sababu tu hapana aliyemkumbuka.

Jambo hili la kusahauliwa ndilo lililomshughulisha Kadhi Mkuu wa Baghdad, Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 Hijriya (798). Yeye alikuwa mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ambaye wanahistoria wasimulia kuwa alitiwa gerezani kwa kuukataa ukadhi wa Khalifa Mansur. Khalifa Harun Rashid alipomtaka ushauri wa mambo ya utawala, Abu Yusuf alimwandikia Kitabu al-Kharaj, na humo hakuwasahau wafungwa.

Alimshauri Khalifa kwamba mfungwa asiye na kitu apewe dirhamu 10 kila mwezi mkononi mwake, wala asipelekewe mkate, kwani mkate huliwa na walinzi njiani. Apewe nguo za baridi na nguo za joto. Asitolewe nje na minyororo kwenda kuomba watu. Akifa naye hana jamaa, aoshwe, akafiniwe na kusaliwa kwa gharama ya Baitul Mali. Mtu asifungwe kwa kusingiziwa tu na mwenziwe, wala ungamo lililotolewa kwa kipigo lisihesabiwe kuwa ni ungamo.

Kisha akataja chanzo cha magereza kujaa: mambo ya wafungwa hayatazamwi. Akamwomba Khalifa awaamrishe maliwali wake wayachunguze kila siku. Anayestahili adabu apewe adabu yake aachiwe, na asiye na kesi aende zake. Mafakihi nao, kama Al-Khassaf katika karne ya tatu Hijriya, waliweka kuwa kadhi mpya miongoni mwa kazi zake za kwanza ni kuwatazama waliomo gerezani, mmoja mmoja, na sababu ya kifungo chake.

Hatusemi kuwa mwizi aachwe aibe. Aliyeibiwa na aliyepigwa wana haki yao, na hakimu apaswa kuwapa. Lakini mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mahabusi bado hajahukumiwa. Naye kila siku kesi yake ikiahirishwa, duka lake limefungwa, na watoto wake hawana wa kuwalipia chakula.

Leo sheria njema zimekwisha andikwa. Umoja wa Mataifa ulizipitisha upya kanuni za kuwatendea wafungwa mwaka 2015, ukaziita kwa jina la Nelson Mandela, aliyefungwa miaka 27. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 49, yataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, na yampa haki ya dhamana yenye masharti ya kiasi, ila pakiwa na sababu nzito. Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2002 zilitunga sheria za kumwezesha mwenye kosa dogo kuitumikia jamii badala ya kwenda jela, ili apate adabu na watu wapate faida.

Ila sheria haina miguu. Kijana anyimwapo dhamana kwa kukosa mdhamini, huwa mahakama haikumzuia, tumemzuia sisi. Yuko mwenye kitambulisho, mwenye nyumba, awezaye kupata barua ya serikali ya mtaa kwa asubuhi moja, naye aona haya kusimama. Yatupasa tujue tarehe ya kesi, twende, tuulize faili limefika wapi. Tumpelekee mfungwa sabuni na nguo kadiri askari wanavyoruhusu. Tuwatazame mkewe na wanawe. Nanyi vijana, atokapo msimwite kwa jina la gereza, bali mpeni nafasi katika safu na katika kazi. Afungiwaye kila mlango hurudi kwenye ule alioutoka.

Abu Yusuf alimkumbusha mtawala mkubwa wa zama zake. Nasi kila mmoja amkumbushe mwenye mamlaka aliye karibu naye, kabla hatujaulizwa sote juu ya waliosahauliwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.