Git imeshinda, lakini funguo za msimbo wetu anashika nani?

Kila mwisho wa mwezi, zahanati za Bukoba na Muleba hujumlisha takwimu kutoka kwenye vitabu vya MTUHA: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Takwimu hizo huishia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta ambao sekta ya afya inautumia nchi nzima.

Wengi hawajui kwamba DHIS2 ni programu huria. Yaani msimbo wake, yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kupendekeza marekebisho. Kazi hiyo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wa siku nyingi.

Jambo linalojulikana kidogo zaidi ni hili: msimbo huo ulishawahi kuhama nyumba. Kwa miaka mingi ulitunzwa kwa mfumo uitwao Bazaar, kwenye tovuti ya Launchpad. Vyote viwili ni vya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu. Baadaye DHIS2 ikahamia Git, na makazi yake mapya yakawa GitHub.

Mwaka 2025 Canonical ikatangaza kwamba Launchpad inaachana na Bazaar. Waliokuwa bado wamo wakapewa muda wa kufungasha. DHIS2 ilikuwa imeshaondoka zamani.

Hapo kuna somo kwa vijana wanaoandika programu huku kwetu, iwe za zahanati, shule au vyama vya ushirika vya kahawa. Unapochagua mfumo wa kutunza msimbo, usiulize tu upi ni mzuri leo. Uliza pia siku ya kuhama utaondoka na nini.

Mfumo huu unafanya kazi gani?

Kama umewahi kuandika ripoti na wenzako kupitia WhatsApp, unaijua shida yenyewe. Kuna faili la "ripoti fainali", kuna "ripoti fainali mpya", halafu "ripoti fainali kabisa". Hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe, wala nani alifuta ukurasa wa tatu.

Mfumo wa kudhibiti matoleo huondoa vurugu hiyo. Kila badiliko linaandikwa: nani kalifanya, lini, na kwa sababu gani. Likileta hitilafu, mnarudi kwenye toleo la jana. Watu kumi wanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye tawi lake, kisha kazi zao zikaunganishwa.

Mifumo hii iko ya aina mbili. Ya zamani, kama Subversion, inafanana na daftari la kikundi linalokaa kwa katibu. Ukitaka kuandika kitu, lazima umfikie katibu. Katibu akisafiri, kazi inasimama.

Git, Mercurial na Bazaar ni aina ya pili. Kila mwanachama ana daftari zima nyumbani kwake, pamoja na historia yote. Anaandika hata bila intaneti, wakikutana wanalinganisha.

OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ilipita njia hiyo hiyo. Ilianza na Subversion, ikaja kuhamia Git.

Kwa Afrika Mashariki hili si suala la fasheni. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa na msimbo wote kwenye kompyuta yake aliweza kuendelea na kazi. Aliyetegemea seva ya mbali kwa kila hatua alikwama. Hata siku za kawaida, mtu anayenunua bando la siku anajua faida ya kufanya kazi kwanza na kuituma baadaye.

Kwa nini wengi wameangukia Git

Tuseme ukweli: Git haikushinda kwa urahisi wake. Amri zake zinachanganya, na anayeanza anaweza kupoteza nusu siku akitafuta kazi aliyodhani imefutika. Wengi waliotumia Mercurial wanasema ilikuwa rahisi kuieleza.

Lakini tazama kilichotokea. Bitbucket, iliyoanza kama makazi ya Mercurial, iliacha kuipokea mwaka 2020. Mozilla, waliotumia Mercurial kwa miaka mingi kuitengeneza Firefox, walitangaza mwaka 2023 kwamba wanahamia Git, na mwaka 2025 msimbo wa Firefox ukahamia GitHub.

Sababu kubwa ni watu. Mradi huria unaishi kwa wachangiaji, na wengi wao hawalipwi. Kijana anayetoka chuoni leo, kama amejifunza mfumo mmoja, basi ni Git. Ukimwambia ajifunze mwingine kabla ya kurekebisha mstari mmoja, anakwenda kusaidia mradi mwingine.

Kwa hiyo kwa mradi mpya wa Bukoba au Muleba, swali la chombo halihitaji kikao kirefu. Chukueni Git. Kikao muhimu ni kile cha pili.

Git si GitHub

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Git ni chombo: programu huria unayoiweka kwenye kompyuta yako bure. GitHub ni tovuti ya kuhifadhi kazi za Git, mali ya Microsoft tangu mwaka 2018. Moja ni jembe lako, nyingine ni ghala la mtu.

Git yenyewe ilizaliwa kwenye mgogoro wa namna hiyo. Watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, mfumo wa kampuni moja, kwa leseni ya bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa. Aprili mwaka huo Linus Torvalds akaanza kuandika Git, na ndani ya wiki chache ilikuwa inafanya kazi.

Mifano mingine ipo. Google Code, iliyokuwa makazi ya miradi mingi, ilitangaza kufungwa mwaka 2015. Mwaka 2019 GitHub iliwabana watumiaji wa Iran na Syria kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Novemba 2025 lugha ya programu ya Zig nayo iliamua kuondoka GitHub kwenda Codeberg, shirika lisilo la faida la Ujerumani.

Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kwa miaka mingi taa za Bukoba zimewaka kwa umeme unaotoka Uganda. Umeme ni ule ule, unapika na unachaji simu. Ila swichi kuu iko upande wa pili wa mpaka.

Sasa, Git inakulinda kwa kiasi gani? Msimbo na historia yake viko kwenye kila kompyuta ya mchangiaji, hivyo tovuti ikifungwa mnapakia kwingine. Lakini orodha ya hitilafu zilizoripotiwa, majadiliano, na ruhusa za nani aingie wapi, vyote hivyo ni vya tovuti. Havisafiri na Git.

Kwa mradi wa afya hiyo si hasara ndogo. Msimbo unakwambia hesabu inafanywaje. Majadiliano yanakwambia kwa nini mliamua ifanywe hivyo, na ni muuguzi gani aliyegundua kwamba namba hazijumliki.

Basi tufanye nini?

Kuweka kila kitu kwenye seva yenu kunasikika vizuri. Programu huria kama Forgejo zipo kwa kazi hiyo. Lakini seva inataka umeme wa uhakika, fundi wa kuihudumia na nakala rudufu. Fundi akipata ajira Dar es Salaam, ghala linabaki bila mlinzi. Na wachangiaji wa mbali hawatalijua.

Kukaa GitHub peke yake nako ni kuweka mayai yote kwenye kapu la jirani.

Njia ya kati haina gharama kubwa. Mlango wa mbele uwe GitHub, maana ndiko watu waliko. Nakala kamili ijisasishe yenyewe mahali pengine, iwe Codeberg au seva ya chuo. Orodha ya hitilafu na majadiliano vipakuliwe angalau kila mwezi.

Na la mwisho, ambalo husahaulika zaidi: akaunti isiwe ya mtu mmoja. Tangu 2023 GitHub inawadai wachangiaji uthibitisho wa hatua mbili, na kwa wengi hatua ya pili iko kwenye simu. Simu ikiibwa stendi, na kama misimbo ya dharura haikuhifadhiwa, mradi mzima unaweza kubaki nje ya mlango wake wenyewe. Fungueni akaunti kwa jina la taasisi, na wasimamizi wasipungue watatu.

Muuguzi wa zahanati ya Muleba hana haja ya kujua Git ni nini. Anachohitaji ni kwamba mwezi ambao namba zitagoma kujumlika, awepo mtu mwenye msimbo, mwenye historia yake, na mwenye ruhusa ya kuurekebisha.