Daftari la Wiki: Nchi Sita kwa Siku Tisa

Ratiba

Karatasi moja imezunguka Chiwanda wiki nzima hadi kingo zimelegea. Ni ratiba ya ziara: Berlin, Amsterdam, Brussels, Paris, Luzern, Venice, Roma, kisha ndege ya kurudi Berlin. Nchi sita kwa siku tisa. Wenye karatasi ni Mwalimu mstaafu, aliyewafundisha historia baba na watoto wao hapa kwetu, na mkewe, ambaye hapa namwita Mama, mchuuzi wa dagaa anayejulikana toka Mbamba Bay hadi Songea mjini. Binti yao ni muuguzi Berlin, na ndiye aliyelipa. Majina nayaacha, wameniomba, na hapa kila mtu anawajua.

Wageni wanaofika kwao wanauliza swali moja: "Enhe, Ulaya mmeionaje?" Nao wanajibu kwa ufupi wa mtu aliyechoka kuulizwa: "Nzuri." Mimi niliwauliza lingine: wapi mliwachelewesha wenzenu? Kwenye safari ya mbio, pale mtu alipogoma kupanda basi ndipo alipoona kitu. Wakatazamana, wakacheka, kisha wakataja sehemu tatu.

Viza

Kabla ya Ulaya kuna mafaili. Mwombaji wa viza ya Schengen lazima awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya maombi, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima, nayo hairudi hata ukinyimwa. Unatakiwa pia uonyeshe kwamba una sababu ya kurudi nyumbani. Mwalimu alipeleka kadi ya pensheni na hati ya nyumba, na juu yake akaweka picha ya shamba la mihogo.

Ukishaipata, mambo yanageuka. Wakitoka Uholanzi kuingia Ubelgiji Mwalimu alisinzia. Alipozinduka akauliza mpaka uko wapi, akaambiwa wameshaupita nusu saa iliyopita. Mkataba wa Schengen ulisainiwa tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli, Princesse Marie-Astrid, kwenye mto Moselle karibu na kijiji cha Schengen, Luxembourg. Nchi tano zilikubaliana kuanza kuondoa ukaguzi mipakani. Ujerumani Magharibi ilikuwemo. Ujerumani hiyo hiyo, tarehe 1 Julai 1890, ilitia saini na Uingereza mkataba mwingine mjini Berlin, uliopitisha mstari ufukweni mwa ziwa letu la Nyasa. Mstari huo Tanzania na Malawi zinauzungumzia hadi leo. Mwalimu anasema ingefaa nasi tukazungumzie melini.

Dakika arobaini na tano

Wakielekea Paris, abiria wote wana haraka, dereva aliingiza basi kwenye kituo cha mafuta, akazima injini, akashuka kunywa kahawa. Hakuna aliyemwambia neno. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva wa basi, akishaendesha saa nne na nusu, apumzike dakika 45, na kifaa kiitwacho takografu kinarekodi kila kitu. Polisi wakisimamisha basi wanasoma takografu, hawasikilizi hadithi.

Kwa mtu aliyezoea kutoka Songea hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 950, kituo kile kilikuwa kivutio kamili. Kwetu LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wana mfumo wa kufuatilia mwendokasi wa mabasi. Mwalimu anataka ufuatilie na usingizi.

Mwanamke wa nyuma ya kioo

Kwenye jumba la Louvre walipanga foleni kumwona Mona Lisa. Picha yenyewe ina urefu wa sentimeta 77 na upana wa sentimeta 53, ndogo kuliko dirisha la jikoni kwao, na iko nyuma ya kioo. Mbele yake kulikuwa na simu zimeinuliwa juu, na Mama, ambaye si mrefu, aliiona picha hiyo kwenye simu ya mtu aliyesimama mbele yake. "Nimeiona," anasema, "lakini hata hapa Chiwanda ningeiona hivyo hivyo." Hawakumchelewesha mtu Paris.

Walipochelewa kwanza: Luzern

Hapa basi lilitoa saa mbili: daraja la mbao, sanamu ya simba aliyechongwa mwambani, na maduka ya saa za mkono. Wao walikwenda gatini. Palikuwa na meli ya mvuke yenye magurudumu ya kupigia maji ubavuni, jina lake Uri, wakakata tiketi ya mzunguko mfupi. Katikati ya sitaha pameachwa wazi ili abiria waione injini: vyuma vinang'aa mafuta, mikono mizito inapanda na kushuka, na fundi mwenye kopo la mafuta anapita akigusa hapa na pale kwa kitambaa. Mwalimu alisimama pale mpaka miwani ikaingia ukungu. Uri ilianza kazi mwaka 1901.

Mwaka huo huo, 1901, ziwani kwetu ilishushwa majini meli Chauncy Maples. Babu yake Mwalimu aliipanda. Iliundwa Glasgow kwa ajili ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, ikapewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Ilikuja kwa vipande zaidi ya elfu tatu. Tangi lake la kuchemshia maji, lenye uzito wa tani 11, lilikokotwa nchi kavu na wanaume zaidi ya mia nne. Kwa miaka mingi ilikuwa zahanati, shule na kanisa la watu wa pwani za ziwa. Leo imelala Monkey Bay, Malawi; mradi wa kuifanya kliniki inayoelea ulianza, ukakwama.

Umri mmoja, lakini moja inapakia watalii na nyingine inaota kutu. Niliposema Waswisi wana pesa, Mwalimu alikataa kuishia hapo. Alidokezwa melini kwamba kuna chama cha wananchi wapenda meli za mvuke wanaochangia matengenezo, mwaka hadi mwaka, na ziwa lenyewe lina kilomita za mraba 114 tu. Nyasa ina karibu 29,600. Swali lake kwetu ni hili: MV Mbeya II, iliyoanza kazi 2021 na inayochukua abiria 200 na tani 200 za mzigo, ikizeeka itakuwa na wapenzi gani? Tunapenda meli ikiwa mpya. Ikikohoa tunaisema.

Walirudi basini dakika ishirini baada ya muda. Kiongozi wa msafara alikuwa amenuna.

Walipochelewa mara ya pili: Rialto

Venice ina utaratibu, tangu Aprili 2024, wa kumtoza kuanzia euro 5 mgeni anayekuja kushinda tu, katika siku fulani zenye msongamano. Mama hakulalamika: "Hata mnadani tunalipa ushuru."

Kundi lilikuwa njiani kwenda kupiga picha darajani. Mama alisikia harufu anayoifahamu, akakata kona. Soko la samaki la Rialto liko kando ya mfereji mkuu, chini ya matao. Alipita meza moja baada ya nyingine, akitazama macho ya samaki, akiinama kuangalia mashavu. Alipotaka kubonyeza mgongo wa mmoja, muuzaji akamzuia kwa kidole: hapa hugusi. Akaelewa, akaomba radhi kwa mkono kifuani, naye muuzaji akafunua shavu la samaki mwenyewe ili Mama aone wekundu wake. Biashara haikufanyika, ila heshima ilifanyika pande zote mbili.

Kisha akauona ubao wa mawe ukutani. Umeandikwa kwa lahaja ya watu wa pale majina ya samaki, na mbele ya kila jina kipimo cha chini cha kuuzwa: sardini sentimeta 7, mkunga sentimeta 25. Aliyevua mdogo kuliko hapo hakuruhusiwa kumweka mezani. Mwalimu alimpigia picha ubao huo, na ndiyo picha pekee ya Italia ambayo Mama anawaonyesha watu bila kuombwa.

Kwetu kokoro limepigwa marufuku, kikundi cha kusimamia uvuvi kipo, mikutano ipo. Bado asubuhi unakuta kwenye vichanja dagaa waliochanganyika na vitoto vya samaki wengine, kila mtu anajua na kila mtu anaanika. Mama ameshapeleka wazo kijijini: vipimo viandikwe ukutani palepale mwaloni, kwa majina yetu, mbelele na mbasa wakiwemo, ili ugomvi uwe kati ya mtu na ukuta. Mwenyekiti amesema atalifikiria. Wanaomjua Mama wanajua kwamba atalifikiria haraka.

Waliotangulia

Watu wetu hawakuanza leo kukimbizwa Ulaya. Mwaka 1902 Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda London kwenye kutawazwa kwa Edward VII pamoja na katibu wake Ham Mukasa. Mfalme akaugua, sherehe ikasogezwa kutoka Juni hadi Agosti, na Waganda wawili wakapata nafasi ya kuzungushwa huku na kule. Mukasa aliandika kitabu kizima cha safari hiyo.

Aliye karibu zaidi na sisi ni Salim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Mwaka 1896 alifuatana naye Urusi hadi Siberia, akaandika habari zake kwa Kiswahili. Carl Velten akazichapisha mwaka 1901 katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Ndani ya kitabu hicho hicho kuna safari nyingine ya Salim, ya kuja Nyasa. Kwa hiyo kalamu iliyoandika kuhusu Siberia ndiyo iliyoandika pia kuhusu ziwa letu. Nimemwazima Mwalimu nakala yangu, na amenionya nisiidai upesi.

Walipochelewa mara ya tatu: Berlin

Siku ya mwisho binti yao alitaka kuwapeleka madukani. Mwalimu alitaka mifupa. Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin amesimama dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27, mifupa ya dinosaria mrefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi walibeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandarini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwalimu amelifundisha jambo hili kwa chaki miaka yote bila kumwona mnyama mwenyewe.

Mlinzi aliona mzee amesimama muda mrefu ameegemea kizuizi, akamletea kiti. Mwalimu alikaa. Mama anasema alihesabu pingili za shingo kwa sauti, kwa Kiswahili, watoto wa shule wa Kijerumani wakamzunguka wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Lakini mwalimu wa historia wa Ruvuma hakai Berlin kwa raha moja kwa moja. Wakati wa Vita vya Majimaji, mwaka 1906, Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano, na ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta. Mwalimu alipotoka kwa dinosaria alimwambia binti yake: "Huyu wamemwekea taa na kiti cha wageni. Yule mwingine hata kabati lake hawalijui." Hawakwenda madukani tena.

Hapo ndipo nilipolielewa jibu la swali langu. Sehemu zote tatu walizochelewa, walikuwa wamezijua nusu kabla ya kutoka Chiwanda: meli kwa babu, samaki kwa kazi, mifupa kwa somo. Nusu ya pili ndiyo waliyoifuata. Mengine yote basi liliyapita nao. Anayetaka kumwandaa mtoto wake kwa safari ya mbali aanze kumfundisha ziwa hili, historia ya Liuli na Peramiho, na majina ya samaki. Siku tisa hazitoshi kuanza kujua, ila zinatosha kutambua.

Mengineyo

Choo cha barabarani Ujerumani mara nyingi ni cha kulipia. Mama alilipa, akakagua, akasema pesa imefanya kazi.

Kwenye chemchemi ya Trevi, Roma, watalii hutupa sarafu majini, na zinazookotwa hupewa Caritas ya Roma kwa ajili ya maskini. Mama alitupa shilingi mia mbili. Mwalimu alimwuliza atakayeibadilisha ni nani. Akajibu kwamba hilo ni la Caritas.

Kwa daktari wa meno wa binti yao kuna tangi la kioo lenye visamaki vya bluu na njano. Ni hivi vya kwetu vya miambani, ambavyo wavuvi wa hapa hawavigusi kwa kuwa havina nyama. Wajerumani wanavinunua dukani na kuvifuga kwa upendo. Mama alivisalimia.

Ya mwisho

Niliwauliza kama wakipewa tiketi nyingine watakwenda. Mwalimu alikuwa bado anafikiri. Mama alijibu kwa wote wawili: "Mji mmoja, wiki mbili, karibu na soko la samaki. Hilo basi mwache Mwalimu apande peke yake."