DAKTARI AKISEMA ALHAMISI

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, nyumba na saa za ziada. Leo twaomba nafasi kidogo tuseme juu ya vijana wanaojifunza utabibu katika hospitali za huku kwetu, tangu Kachibora na Kitale hadi Bungoma, kwa sababu wagonjwa wao ni sisi, wake zetu na watoto wetu.

Wengi tunaowaita "daktari" ni maofisa wa kliniki. Hawa husoma miaka mitatu, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya wakubwa wao kabla ya kupewa leseni. Katika mwaka huo kijana hakai mahali pamoja. Yuko wodi ya watoto, kisha wodi ya wazazi, kisha upasuaji. Ndio utaratibu wa mafunzo, wala hauna ubaya. Ubaya huja mgonjwa asipoambiwa.

Mwenzetu mmoja, kibarua wa genge la njia, alikohoa majuma matatu. Akaenda hospitali moja, akapokewa vizuri sana na kijana mwanagenzi, makohozi yakachukuliwa. Akaambiwa, "Rudi Alhamisi, mzee, au tutakupigia simu." Simu haikulia. Alhamisi akapoteza kibarua cha siku na nauli ya matatu, akakuta yule kijana amehamishwa tangu Jumatatu, na aliyekaa kitini pake hana habari ya makohozi ya mtu. Aje juma lijalo. Hakwenda. Alinunua dawa ya kikohozi dukani, akaendelea kulala chumba kimoja na watoto wanne. Mke wake ndiye aliyemlazimisha kurudi baada ya mwezi, na siku zote hizo majibu yalikuwa yamelala mezani: kifua kikuu.

Twauliza, ni elimu gani iliyokosekana hapa? Kijana alijua ugonjwa, na kipimo alikijua. Kilichokosekana ni neno la kutegemewa. Dawa za kifua kikuu ni za miezi sita, miwili ya kwanza dawa za aina nne, na minne iliyobaki za aina mbili, na mgonjwa huanza kujiona mzima zamani kabla ya kumaliza. Mwezi wa nne, kikohozi kimekwisha, kitu gani kitamfanya aendelee kumeza? Ni kumwamini aliyemwambia ameze. Sasa ikiwa aliambiwa Alhamisi na Alhamisi ikawa bure, aamini vipi habari ya miezi sita?

Sisi wa reli jambo hili twalijua. Kwenye njia moja, treni haitoki stesheni kwa sababu mtu anadhani mbele kumetulia. Hutoka baada ya kupatikana ruhusa kwamba njia ni tupu, na anayepokea habari huirudia kwa aliyeitoa ili ijulikane ameisikia sawasawa. Zamu ikibadilika, anayeondoka huandika kitabuni anachokiacha, ndipo aende kulala.

Basi mwanagenzi naye amwambie mgonjwa tangu mwanzo: mimi bado najifunza, tarehe fulani nitahama, na atakayeshika kazi yangu ni fulani. Aandike katika kitabu cha mgonjwa ni kipimo gani kinachongojwa. Kama mashine imeharibika na majibu hayapo, apige simu vile vile aseme hayapo, maana mtu akiambiwa "bado" hungoja, lakini akinyamaziwa hukata tamaa. (Na azungumze na mgonjwa mwenyewe. Huku kwetu simu moja huweza kuwa ya nyumba nzima.) Kisha amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake jinsi alivyoelewa. Kuna Wabukusu, Wakalenjin, Waturkana na wengine wengi, na mzee akiitika "ndiyo, daktari" mara tatu, huenda ni adabu tu. Hata Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, yasema habari zitolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu mgonjwa na kwa kufuata kiasi cha elimu yake. Sisi ambao masomo yetu yaliishia shule ya msingi ya misheni, kifungu hicho kinatuhusu.

Wako watakaosema twawaonea vijana. Hapana, hao ni wafanya kazi wenzetu. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma tangu 14 Machi hadi 8 Mei, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wanagenzi, kupewa vituo vyao na malipo yao. Matabibu wa kliniki nao waligoma mwaka huo huo. Kijana asiyelipwa kwa wakati, mwenye foleni inayofika nje ya mlango, mnataka ampigie mgonjwa kwa vocha ya mfuko wake? Simu hiyo ni ya hospitali kulipa. Na mkubwa anayemhamisha Jumatatu bila kumpa hata saa moja ya kukabidhi wagonjwa wake, huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kwa hiyo twaomba halmashauri ya tawi letu iwaandikie wakuu wa hospitali zetu, iulize mambo mawili tu: mwanagenzi akihama, nani hukabidhiwa wagonjwa wake? Na simu ya kuwapigia iko meza gani? Barua zikijibiwa, majibu yachapwe humu. Kwa sasa, mwanachama ukienda kutibiwa usiinuke kitini kabla hujauliza: "Daktari, nikirudi nisikukute, nimtafute nani?" Jina utakalotajiwa liandikwe kitabuni mbele ya macho yako.