Lipa Fundi Aangalie Kwanza, Spea Baadaye

Wasee, leo naweka siasa na mpira kando. Nataka tuongee kuhusu bolti moja, juu karibu itufanye tuuze ng'ombe.

Mathe ana Corolla 110, ile ya mwisho wa miaka ya 90. Mara mbili kwa wiki anabeba karoti na kabichi kutoka Kitale, anashusha Chepkube pale Bungoma. Hiyo gari ndiyo ilinilipia kampasi, na sasa inalipia mdogo wangu aliye fom 3. Ikilala, nyumba yote inalala.

Mwezi wa nne ikaanza kulia. Ko-ko-ko-ko, ukiwa umesimama tu na injini inaunguruma. Ukikanyaga mafuta kidogo, mlio unabadilika, karibu upotee. Taa ya betri nayo ikawa inawaka na kuzima inavyotaka. Tukaipeleka kwa fundi mmoja hapa Kitale. Akafungua boneti, akasikiza kama dakika mbili, akafunga.

"Mama, hii injini imenoki. Tafuta ingine."

80,000, pamoja na kazi. Hakuna hata spana moja ilitoka kwenye boksi. Mathe hakusema kitu njia yote. Usiku nikamsikia akiongea na mjomba kwa simu, na jina la ng'ombe wetu wa maziwa likatajwa.

Mjomba anaishi Kanduyi. Akamwambia, "Dada, kabla uuze ng'ombe, wacha fundi wangu aione. Na usiiendeshe." Jumapili huyo fundi akapanda matatu na begi lake, Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, mpaka kwetu. Makubaliano yalikuwa wazi: nauli, na 1,500 ya kuangalia, apate tatizo asipate. Kusema ukweli, mimi niliona ni wizi. 1,500 ya kuangalia tu?

Mzee akafika, akasema "Mulembe", akakataa chai kwanza. Sasa nisikizeni venye alifanya.

Kitu ya kwanza, aliuliza maswali. Mlio ulianza lini? Unaongezeka ukipanda mlima? Taa ya oili imewahi kuwaka? Mara ya mwisho nani alifungua mbele ya injini, na alifanya nini? Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akasikiza chini, katikati, halafu mbele. Mlio ulikuwa mbele, upande wa belti. Akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Akanieleza kwamba beringi ya ndani ikiwa imekufa, mlio huwa unapungua ukizima silinda yenye shida. Wetu haukubadilika hata kidogo.

Halafu akazima gari, akachora laini ya chaki kwenye puli ya kranki, kuanzia katikati mpaka ukingoni. Kama hujui, hiyo ni ile puli kubwa ya chini kabisa, iliyo kwenye ncha ya kranki. Ndiyo inazungusha belti za nje: alteneta, pampu ya usukani, na kwa hii Corolla hata pampu ya maji. Nyingi zimetengenezwa vipande viwili vya chuma, na katikati kuna raba ya kumeza mtetemo. Raba ikizeeka inaachana na chuma, kipande cha nje kinateleza peke yake. Ndio maana ya chaki. Ukiwasha kisha uzime, laini ikiwa imekatika, raba imekwisha.

Akawasha, akaniita nichungulie kupitia upande wa gurudumu. Puli ilikuwa inacheza kama mtu ametoka baa. Akazima, tukaangalia chaki: laini iko sawa. Kwa hivyo si raba. Akatoa funguo kwenye swichi, akalegeza belti, akashika puli kwa mikono miwili na kuitingisha. Ikatingika, ko-ko. Mlio ni ule ule.

Akaweka spana kwenye bolti ya katikati. Hiyo bolti kwa kawaida inakutoa jasho, mtu anaweka bomba kwa spana ndio ilegee. Yetu ilizunguka kwa mkono mmoja.

Ndani tukapata uharibifu. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachoshikanisha puli na kranki zisizunguke kila moja kivyake, mafundi wanakiita kii. Yetu ilikuwa imelika upande mmoja. Shimo la puli lilikuwa limepanuka. Kranki yenyewe ilikuwa na alama ndogo, lakini mfereji wake ulikuwa bado mzima, na hapo mzee ndio akatabasamu mara ya kwanza. Mfereji wa kranki ukiharibika, unaongea kuhusu kranki mpya, na hapo kweli ng'ombe angeenda. Tena kwa injini kama hii, bolti hiyo hiyo ndiyo inabana gia ya belti ya taimingi iliyo nyuma ya puli. Ingeendelea kucheza, hata taimingi ingevurugika.

Tukanunua puli ya mtumba iliyo nzima, kii mpya, bolti mpya, na sili ya oili kwa sababu ya zamani ilikuwa imeanza kuvuja. Jumla yote, pamoja na 1,500 yake, nauli na kazi, haikufika 10,000. Na venye alikaza, hakukaza kwa hisia. Alitoa toki renchi, ile spana ndefu yenye kipimo, akaangalia namba ya injini yetu kwenye kitabu cha mtengenezaji alichohifadhi kwa simu, akakaza mpaka hapo. Kila injini ina namba yake, usikopi ya gari ya jirani. Mwisho akapaka laini nyeupe ya rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye puli. Akamwambia mathe, "Hii laini ikikatika, bolti imesonga. Simama hapo hapo."

Sasa mnisikize, kwa sababu hapa mimi ndio naumbuka.

Aliuliza nani alifungua mbele ya injini mara ya mwisho. Ni mwezi wa kwanza, tulibadilisha belti ya taimingi. Mimi ndio nilisimamia. Nilibishana na fundi mpaka akashusha 1,000. Nikamwambia afanye haraka, mathe anataka kutoka saa tano. Bolti ya zamani ikarudishwa, ikakazwa na spana na kipande cha bomba mpaka "imetosha". Nilikuwa hapo, nimeshika simu, nimefurahi nimeokoa thao moja.

Kwa hivyo siwezi kukaa hapa nimwage lawama zote kwa mafundi. Sisi wateja ndio tumewafundisha hii tabia. Tunalipa spea, tunalipa jasho, lakini hatulipi akili. Fundi akitumia saa nzima kuangalia kisha aseme "ni bolti tu", tunamwambia, "Si ni bolti tu? Shika mia mbili." Akisema "badilisha injini", tunaanza kutafuta pesa. Hebu jiweke kwa viatu vyake: gani itamlishia watoto? Mkono mtupu haulambwi, na sisi tunamletea mkono mtupu kila siku, halafu tunashangaa kwa nini anatuuzia injini.

Na hii si shida ya mathe peke yake. Wengi wenu gari yenu ya kwanza itakuwa ya zamani. Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyozidi miaka 8 kuingia nchini, lakini ikishaingia inazeekea mikononi mwetu. Raba inakauka, bolti inafunguliwa na watu kumi tofauti. Puli ikitoka ukiwa barabarani, alteneta inakufa, usukani unakuwa mzito ghafla, na kama ni hiyo belti inazungusha pampu ya maji, injini inachemka. Fikiria hiyo kwenye mteremko, nyuma yako kuna lori la miwa.

Najua mtu ataniambia, "Bro, fundi wa jua kali atatoa wapi toki renchi?" Ni swali poa. Si kila mmoja atanunua yake. Lakini gereji kumi zilizopangana kwenye laini moja, Kitale ama Bungoma, zinaweza kuchanga zinunue moja, na kila fundi akiitumia mteja alipie kidogo. Chama tunajua kuendesha. Tunachanga harusi, tunachanga matanga, tushindwe na spana?

Pia kuna kitu wengi hatujui. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu kutengeneza magari. Mteja anafaa kupewa makadirio ya bei kabla kazi ianze, na vipuri vilivyotolewa anafaa kurudishiwa akivitaka. Kwa hivyo ukiomba kuona kii iliyolika, hausumbui mtu. Ni haki yako.

Msimamo wangu ni huu. Kabla ukubali spea yoyote kubwa, kubaliana na fundi bei ya kuangalia, na umlipe hata kama jibu ni dogo. Kisha muulize: umejuaje? Nionyeshe. Ni kitu gani kingine kingeweza kuleta mlio huu, na umekiondoaje? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Yule mzee wa Bungoma alikuwa ananiita nije nione kabla hata niulize.

Na ukichungulia mwenyewe, tafadhali, injini ikiwa inazunguka kaa mbali na belti. Kamba za hudi, dredi, mikono ya shati, zote zifunge. Kushika na kutingisha ni gari ikiwa imezimwa na funguo ziko mfukoni mwako. Na hata kama umetazama video mia, usifungue hiyo bolti kama huna vifaa vya kuirudisha venye inafaa.

Ng'ombe bado yuko. Mathe akifika Chepkube huwa anazima gari, anachukua tochi ya simu na kuchungulia ile laini nyeupe kabla ashushe hata karoti moja. Na ule fundi wa mwezi wa kwanza, nilimrudia nikamwambia ukweli, kwamba bolti ililegea na kwamba mimi ndio nilimharakisha. Alinyamaza kidogo, akauliza hiyo toki renchi inauzwa pesa ngapi.