Ujira wa Mhasibu

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa gharama zilizotumika kuzalisha mapato yake, ujira wa mhasibu ukiwemo. Lakini ndugu mwenye duka dogo hukadiriwa kodi kwa mauzo, wala si kwa faida. Hivyo ujira huo haumpunguzii hata senti. Kwa viwango vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya Sh. 5,000,000 kwa mwaka asiyeweka kumbukumbu alitozwa Sh. 100,000, aliyeziweka, Sh. 30,000. Unafuu huo wa Sh. 70,000 humezwa upesi na mhasibu. Serikali inayodai hesabu safi haina budi kuwapeleka maofisa wake masokoni wawafundishe wananchi hao, bila malipo, kuandika daftari zao wenyewe.