Ngozi Bila Mzinga

Katika miji yetu ya Mbeya na Iringa imejengeka imani kwamba gari lisilotoa besi linahitaji spika kubwa zaidi. Spika ikishindwa, linafungwa amplifaya. Amplifaya ikishindwa, linawekwa sabufa chini ya kiti, na abiria aliyekalia kiti hicho anatetemeshwa figo kutoka Mwanjelwa hadi Uyole. Imani hiyo ni ya uongo. Inamtia hasara mwenye gari, inampa fundi sifa asiyoistahili, na inaharibu masikio ya watu wasio na hatia. Nasema kwamba mara nyingi kasoro iko katika mlango ambamo spika imefungwa, nayo huondolewa kwa kipande cha plaiwudi, sponji na saa chache za kazi ya uangalifu.

Najua nitaulizwa: mzee wa miaka sabini na kitu anatafuta nini katika mziki wa magari? Jibu langu ni fupi. Kwanza, mimi ni abiria. Pili, mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na fizikia yangu ni ile niliyofundishwa chuo cha ualimu, ya kumwezesha mtu kusimama mbele ya watoto na kuwathibitishia jambo kwa vifaa vya kuokoteza. Kwa jambo hili, fizikia hiyo inatosha kabisa.

Ndugu msomaji, chukua spika iliyotolewa katika redio kuukuu, iunganishe kwa nyaya, kisha ishike mkononi ikiwa uchi. Utasikia sauti nyembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Sasa toboa tundu la ukubwa wa spika hiyo katika boksi gumu, ibandike hapo vizuri na uache kitufe cha sauti kama kilivyokuwa. Besi itatokea. Hukuongeza umeme wala hukununua kitu. Umeitenga tu hewa ya mbele na hewa ya nyuma.

Sababu yake si ya uchawi. Karatasi ya spika inapokwenda mbele, husukuma hewa iliyo mbele yake na papo hapo huivuta ile ya nyuma. Kama hewa hizo mbili zinaweza kukutana, moja hujaza pale inapopungua nyingine, na sauti hufa kabla haijamfikia msikilizaji. Sauti nyembamba hupona kwa sababu mawimbi yake ni mafupi: mtetemo wa mara 3,000 kwa sekunde una wimbi la sentimita 11 hivi, ambalo hujiendea mbele. Lakini mtetemo wa mara 100 kwa sekunde, ambako ndiko iliko besi ya kati, una wimbi la mita 3 na nusu karibu. Wimbi refu kiasi hicho huzunguka ukingo wa spika bila shida yoyote na kujiua lenyewe.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa mikono yao. Hakuna aliyepiga ngozi ya ng'ombe iliyoning'inia juu ya kamba akategemea watu wacheze. Ngozi iliwambwa juu ya mzinga, tena ikakazwa pande zote isiache upenyo. Wahehe walipotengeneza ligombo hawakuzifunga nyuzi zake hewani. Walichonga ubao wa kuzibeba. Na huko Marekani, mwaka 1925, wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg walipoeleza spika ya aina hii tunayoitumia hadi leo, walieleza pia kwamba inahitaji ubao wa kuitenga mbele na nyuma. Miaka mia moja hivi imepita, na sisi tungali tunauza ngozi bila mzinga.

Sasa tazama kinachofanyika katika gereji zetu nyingi. Gari limetoka Japani, na milango yake ina spika ndogo za kiwandani. Mwenye gari ananunua spika za inchi 6 na nusu. Fundi anabandua ubao wa ndani wa mlango na kukuta nailoni iliyobandikwa kuziba matundu ya bati. Anaichana na kuitupa kwa sababu inamchelewesha. Spika mpya haikai vizuri kwenye tundu la zamani, basi anaifunga kwa skrubu mbili, au anaipachika kwenye ule ubao mwembamba wa plastiki unaotikisika kama jino la mtoto. Anaunganisha nyaya bila kuangalia chanya na hasi. Kisha anapandisha sauti hadi mwisho, mlango unachacharika, na anamwambia mteja, "Umesikia mziki mnene?" Alichosikia mteja ni bati. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kazi iliyo sahihi haina siri. Tengeneza pete ya plaiwudi na uipake vanishi pande zote, kwa maana ndani ya mlango wa gari huingia maji kupitia pembeni mwa kioo, na mvua zetu za Tukuyu hazihitaji kuelezwa. Kabla ya kukata chochote, shusha kioo hadi chini uone kama kitagonga sumaku ya spika. Funga pete kwenye bati kwa boliti na nati, kisha funga spika kwenye pete, na kati yao weka sponji isiyopitisha hewa. Ziba matundu makubwa ya bati kwa kitu kigumu. Bandika juu ya bati vipande vya utepe mzito unaotengenezwa kwa ajili ya magari, ili lisitetemeke. Usitumie lami ya kuezekea, maana hunuka na kulegea juani. Wala usizibe vile vitundu vidogo vya chini kabisa ya mlango. Hivyo ni vya kutolea maji. Ukiviziba, mlango utaoza kwa kutu.

Mwisho, chukua betri ndogo ya volti 1.5 na uiguse kwenye nyaya za kila spika kwa nukta moja. Chanya ikiwa kwa chanya, karatasi itasogea nje. Kama mlango wa kulia unasukuma nje wakati wa kushoto unavuta ndani, spika hizo zinauana besi, hata kama kila moja imegharimu bei ya ng'ombe.

Wapo watakaosema kwamba nguvu ya umeme humaliza yote hayo. Haimalizi. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, kutoka wati 50 hadi wati 100, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, ambayo sikio huiona kama mabadiliko madogo. Ili sauti ionekane imekua mara mbili, unahitaji nguvu ya mara kumi hivi. Na katika mlango unaovuja, kinachokua zaidi ni zile kelele nyembamba, kwa kuwa besi inaendelea kujiua mle mle ndani. Hapa ndipo ulipo ubaya wenyewe. Dereva anaitafuta besi kwa kupandisha sauti. Besi haiji, anapandisha tena, na kila akipandisha anatuchoma masikio kwa kile tusichokihitaji.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Tafakari, basi, kuhusu dereva wa daladala anayeanza kazi alfajiri na kurudi usiku. Kama redio yake imefika desibeli 90, mgao wake wa wiki nzima umekwisha kabla ya chakula cha mchana siku ya Jumatatu. Yeye na konda wake ndio wahanga wa kwanza. Na masikio hayana spea. Zaidi ya hayo, dereva anayeteremka Mlima Nyoka anahitaji kusikia honi ya lori lililo nyuma yake na mlio wa breki zake mwenyewe.

Kuna hasara nyingine, ndogo kwa wengine, kubwa kwangu. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya kwaya, kwa Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki sawasawa. Sauti ya besi katika kwaya ndiyo msingi wa nyumba. Nyingine zote zimejengwa juu yake. Katika magari yetu hukatwa yote, tukabaki na soprano inayopiga yowe. Kijana anayekulia katika sauti hiyo atadhani wimbo ndivyo ulivyo.

Nimesikia pia utetezi wa umaskini: kwamba kazi nzuri ni ya matajiri. Nauona kuwa kichwa chini miguu juu. Tajiri ndiye awezaye kununua amplifaya tatu mfululizo na kuzitupa. Maskini ndiye anayepaswa kuanza na pete ya plaiwudi, kwa sababu spika ya kawaida iliyofungwa vizuri huishinda spika ya fahari iliyoning'inizwa.

Kwa hiyo, wewe mwenye gari, ukienda kufunga mziki, iwe Soweto ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, usianze kwa kuuliza wati. Muulize fundi: spika ataifunga juu ya nini? Matundu ya mlango atayaziba kwa nini? Chanya na hasi atazipima vipi? Akicheka, chukua funguo zako uondoke. Na wewe fundi kijana, ukiweza kuyajibu maswali hayo matatu, dai malipo ya saa zako zote bila aibu. Hiyo ni kazi. Kupandisha kitufe si kazi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza.